SOMO: Kushona labramu kwa athroskopia, bega linalochomoka mara kwa mara

Swali la "nanga ngapi, nianzie wapi" nimelijibu faraghani mpaka nimechoka. (Nanga ni kipini kidogo chenye uzi kinachoingizwa mfupani; athroskopia ni upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo.) Naandika mara moja. Ni bega la kulia, linachomokea mbele, labramu (ukingo laini wa kiungo) imebanduka kwenye kikombe (tundu la mfupa linaloshika kichwa cha mkono). Namba nitakazotaja ni tarakimu za uso wa saa: 3 mbele, 6 chini. Thieta msiseme "saa kumi na moja". Mmoja ataenda 5, mwingine 11.

1. CT kwanza. Kikombe kikiwa kimelika kwa asilimia 20 hadi 25, acha kushona, fikiria Latarjet (kuhamishia kipande cha mfupa mbele ya kikombe).

2. Mgonjwa alale ubavu, mkono uvutwe kwa uzito.

3. Kamera tundu la nyuma, vifaa matundu mawili ya mbele.

4. Kubandua labramu. Hapa niliwahi kuharibu. Labramu iliyokaa muda mrefu huteremka na kugandia shingoni mwa kikombe, na kwa kamera ya nyuma unaona kama iko mahali pake. Niliishona pale pale ilipolala. Miezi kadhaa baadaye kijana alirudi, bega limechomoka akivua shati. Siku hizi nahamishia kamera tundu la mbele la juu, nabandua mpaka nione nyama ya msuli wa subskapulari na labramu ielee yenyewe hadi ukingoni. ONYO: karibu na 6, neva ya aksila inapita chini ya kapsuli (mfuko wa kiungo). Ncha ya kifaa iangalie mfupa muda wote. Na usiikate labramu yenyewe; ukiichana hakuna cha kushona.

5. Kwangua mfupa utoe damu.

6. Nanga ya kwanza chini, karibu na 5, kisha panda. Zisipungue tatu. Zikae ukingoni mwa gegedu, si shingoni. Fundo libaki upande wa kapsuli.

7. Mkono utundikwe shingoni kwa kitambaa wiki nne hivi.

MASWALI

Kipanga: Dokta, nanga mbili hazitoshi? Bei ni kubwa.
— Hazitoshi. Hela ikiwa ya mbili, fungua bega. Bankart, daktari Mwingereza, alieleza upasuaji huu mwaka 1923 bila kamera; ukifungua, nyuzi zinaweza kupita kwenye matundu ya mfupa bila nanga.

Mzee wa Mbio: CT ya nini? Eksirei ninayo.
— Hatua ya 1. Isome tena.

Rezidenti2: Shikamoo Dokta. Kuna shimo nyuma ya kichwa cha mfupa wa mkono, linanasa ukingoni. Nikishona mbele tu?
— Marahaba. Umeona vizuri. Litarudi kumsumbua. Jaza shimo: nanga ndani yake, ushone humo kapsuli ya nyuma na kano ya infraspinati (msuli wa nyuma ya bega). Hesabu pia alama za Balg na Boileau za 2007: umri usiozidi 20, michezo ya mashindano, ulegevu wa viungo, shimo hilo na kikombe kilicholika vikionekana kwenye eksirei. Zikizidi 6 kati ya 10, nenda kwenye upasuaji wa mfupa, yaani Latarjet.

Fizio: Wagonjwa wangu wanalalamikia maumivu ya usiku.
— Walale nusu wameketi, mto nyuma ya kiwiko kisirudi nyuma ya mwili.

Nesi wa Wodi: Na kwapa lioshwe mgonjwa akiinama, mkono ukining'inia. Kisha kitambaa kikavu cha pamba. Joto la huku linachubua ngozi upesi.
— Asante dada, hilo la kwapa naliongeza kwenye karatasi ninayowapa wakienda nyumbani.