Jinsi ya kusajili kazi ya ushauri wa OpenSimulator ukiwa Dar es Salaam

OpenSimulator ni programu ya kuendeshea dunia pepe, yaani mazingira ya 3D ambamo watu hukutana mtandaoni. Kwenye fomu zote utakazojaza hakuna kisanduku cha "dunia pepe". Ukiandika "michezo ya mtandaoni", usishangae kuulizwa habari za Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kwa hiyo kabla hujafungua mfumo wowote, tunga maelezo ya mstari mmoja na uyatumie yale yale kila ofisi: "Ushauri wa kompyuta na usimamizi wa seva za wateja." Si uongo. Kukiwekea chuo gridi yake (seva zinazobeba dunia hiyo), kuunganisha ROBUST, yaani huduma kuu za gridi, na hifadhidata ya MariaDB, kufungua poti 9000, kupakia faili ya OAR (nakala ya eneo na vitu vyake) yenye darasa zima la anatomia: kisheria yote hayo ni huduma za kompyuta.

Ruhusa ya watengenezaji wa programu huhitaji. OpenSimulator ilianza mwaka 2007 na iko chini ya leseni ya BSD, inayokuruhusu kuitumia, kuibadilisha na kutoza pesa kwa kazi yako, mradi ukiisambaza ubakize tangazo la hakimiliki. Ila leseni hiyo ni ya programu tu. Majengo, nguo na samani zilizomo ndani ya OAR zina wenyewe, na nyingine zilinakiliwa kutoka Second Life, dunia pepe ya kibiashara, bila idhini.

Anza na NIDA. Hakikisha jina lako limeandikwa sawa kwenye NIDA, benki na vyeti. Mohamed wa huku akiwa Mohammed kule, mfumo hautajua ni mtu mmoja.

Halafu jina la biashara. Ukifanya kazi kwa majina yako halisi bila nyongeza, si lazima kulisajili. Ukiongeza chochote, hata "Teknolojia" au "na Wenzake", ingia mfumo wa usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Ada ni shilingi 15,000 ya usajili na 5,000 ya utunzaji kwa mwaka, unalipia kwa namba ya malipo inayoanza na 99. Kwenye shughuli chagua namba 6202, ambayo ni ushauri wa kompyuta na usimamizi wa mitambo yake. Wengi hukimbilia 6201 kwa sababu imetajwa kwanza, lakini hiyo ni ya wanaoandika programu. Kama kazi yako ni kusimika na kutunza, 6202 ndiyo yako.

TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, na huenda tayari unayo, ile uliyopewa ulipochukua leseni ya udereva. Hiyo si ya biashara. Usiombe ya pili; omba TRA waibadilishe matumizi. Hapa ndipo mazungumzo huwa marefu:

"Ofisi yako iko wapi?"

"Nyumbani, mama, Sinza."

"Na hizo mashine?"

"Ziko Ujerumani, nimekodi."

Usibabaike. Biashara yako iko pale unapokaa kufanyia kazi. Seva ya kukodi ni gharama tu, kama umeme, na risiti zake zitunze kwa sababu zinapunguza faida inayotozwa kodi. Beba mkataba wa pango uliolipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Kisha utakadiriwa. Usitegemee lile jedwali la wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kwa mauzo, kwa kuwa huduma za kitaalamu na kiufundi zimeondolewa humo. Utatozwa kwa faida, kwa hiyo hesabu zako lazima ziandikwe. Makadirio yawe ya kweli. Mwaka wa kwanza wa kazi hii mara nyingi ni mteja mmoja na ahadi nyingi.

Ukishakadiriwa, omba hati ya kutodaiwa kodi, maana ndiyo itakayofungua mlango wa leseni. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA, za kundi B na halmashauri kupitia mfumo wa Tausi. Mpelekee afisa biashara wa halmashauri yako maelezo yako akuambie yanaangukia kundi gani kabla hujalipa. Sinza ni Ubungo, Mikocheni ni Kinondoni, na Kariakoo iko chini ya Jiji, ambalo tangu 2021 ndilo lililokuwa Ilala.

Kuna hatua ambayo washauri wengi huiruka. Gridi hutunza majina, barua pepe na anwani za IP za watumiaji, na mteja akitaka hata mazungumzo ya avata (sanamu zinazowawakilisha watumiaji) yatahifadhiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Ujerumani ni nje ya nchi. Andika kwenye mkataba nani mwenye taarifa, nani mchakataji, seva iko wapi, nani ana nywila ya hifadhidata, na kwamba mteja ndiye anayethibitisha haki za vitu vilivyomo kwenye OAR anayokupa. Kifungu hicho cha mwisho mimi nisingekubali kukifuta hata kwa mteja ninayemheshimu.

Malipo sasa. Mteja wa hapa nchini mpe bei kwa shilingi. Kanuni za 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Wa nje alipe kwenye akaunti yako ya dola. Chuo au kampuni ya hapa itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ankara yako kabla ya kukulipa. Hawajakudhulumu, ila dai cheti cha zuio siku hiyo hiyo, maana mhasibu akishahama kukipata ni kazi.

Kama mwaka wako wa hesabu ni wa kalenda, awamu za kodi ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka iwasilishwe isizidi tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, na vile vyeti vya zuio vitapunguzwa kwenye kodi unayodaiwa.