Unguja na Pemba kwa begi la mgongoni: anzeni na mwezi

Nimezaliwa Wete, Pemba, na nimesomea Dar es Salaam. Tangu nimalize chuo, karibu kila mwaka marafiki wa bara hunipigia simu: "Tunakuja, tuzungushe." Hatukodi gari wala hatuna wakala. Tunatembea na mabegi mgongoni, tunapanda daladala na boti, na kwingine tunakwenda kwa miguu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowatumia kila mara kabla hawajakata tiketi, na safari hii nimeyapanga vizuri ili yamfae yeyote mwenye marafiki wanne watano na siku kama kumi.

Hatua ya 1: Tafuteni mwezi kabla ya tiketi

Safari ya kwanza tuliipanga kwa kalenda ya likizo za kazini. Tukafika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, saa nne asubuhi, wenzangu wamekwisha vaa nguo za kuogelea, na bahari haipo. Kulikuwa na mchanga, majani, vijiti vya mwani, na mstari mweupe wa mawimbi kule mbali kwenye mwamba. Rafiki yetu mmoja wa Mwanza, aliyezoea ziwa lisilosogea, alisimama akaniuliza kwa sauti ndogo: "Imekwenda wapi?" Tulikuwa tunaondoka mchana ule ule kwenda Nungwi. Hakuiona ikirudi, na mpaka leo linaniuma.

Basi elewaneni na bahari kwanza. Kwetu maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Hilo ndilo bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, nayo huitwa maji mafu. Wazee hawatazami simu. Wanahesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu: kuanzia mwandamo hadi tarehe 3, na tena 15 hadi 17, ni bamvua. Karibu na tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni mafu.

La kushika ni hili. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi hiyo saa nne yamejaa, alasiri yamepungua kidogo tu. Ukilijua hilo unaweza kupanga safari nzima kwa vidole.

Mpango ninaoupenda ni kufika Unguja tarehe 13 ya mwezi wa Kiislamu, kukaa mjini hadi 15, kwenda pwani ya mashariki tarehe 16 na 17 bamvua likiwa kubwa, kisha Nungwi siku mbili, halafu Pemba kuanzia tarehe 20, wakati maji yanaelekea kuwa mafu na mikondo inapoa. Ukipanga hivyo, kila mahali mnafika bahari ikiwa katika hali inayopafaa mahali hapo.

Na majira pia. Kaskazi huvuma Disemba hadi Machi, kuna joto. Masika, Machi hadi Mei, mvua itawafungia ndani. Msije na mabegi. Kusi, Juni hadi Septemba, kuna baridi nzuri ila bahari ya kwenda Pemba huchafuka. Mkija Julai ulizeni siku ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, inafaa kupangua ratiba kwa ajili yake. Mwezi wa Ramadhani njooni kama mko tayari kufunga, au walau kujizuia kula na kunywa hadharani mchana.

Hatua ya 2: Mfuko mmoja, mshika fedha mmoja

Urafiki mwingi nimeuona ukipasuka kwa nauli ya bodaboda. Mmoja analipa leo, kesho analipa tena, haulizwi, anakaa kimya, na usiku wa sita mnaona watu wawili hawasemeshani na hakuna anayejua kwa nini. Kwa hiyo, kabla ya kupanda boti kila mtu atoe kiasi kilekile, kiwekwe pamoja, na ashike mmoja. Nauli, malazi, chakula cha pamoja na boti za kukodi vinatoka humo. Anayetaka zawadi au soda ya pili atoe mfukoni mwake. Mshika fedha awe na daftari, na kila jioni baada ya kula asome kwa sauti kilichotoka na kilichobaki. Ni dakika tano tu. Mwenye mfuko mwepesi atasema mapema kwamba hoteli ya kesho ni ghali, badala ya kuugulia moyoni.

Chukueni pesa taslimu za kutosha kabla ya kuvuka kwenda Pemba. Mashine za benki zipo Chake Chake, lakini ukiwa Konde au ufukweni Vumawimbi simu na noti ndizo zitakazokusaidia.

Hatua ya 3: Begi

Liwe dogo la kupakatika, maana kwenye daladala mara nyingi litakaa mapajani. Nguo nyepesi za kufunika mabega na magoti kwa ajili ya mji na vijiji, kanga au kikoi mbili (ni taulo, shuka, pazia na kitambaa cha kichwa), tochi, mfuko usiopitisha maji wa simu na vitambulisho, na viatu vya mpira vya kukanyagia mwamba. Hivyo viatu msivisahau. Kuna viumbe wa miiba myeusi kwenye mawe, na mwiba ukivunjikia unyayoni siku tatu zinapotea. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani. Zanzibar iliipiga marufuku tangu 2006.

Hatua ya 4: Kuvuka

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili hadi bandari ya Malindi. Tiketi nunueni ofisini au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwa mtu anayewafuata barabarani na risiti mkononi. Kila mtu awe na kitambulisho chake, na nauli ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni. Wakati wa kusi kaeni nyuma, sakafu ya chini, karibu na katikati, mkiwa mmekula kidogo.

Sisi watu wa visiwani tuna jambo moja ambalo hatulifanyii mzaha. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hakuna familia ya Pemba isiyomjua mtu aliyeondoka siku hizo. Kwa hiyo chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, kiwe meli au kidau cha kukodi, shukeni. Kesho kuna kingine.

Hatua ya 5: Mji Mkongwe, siku mbili na nusu

Wekeni mabegi, tokeni bila ramani. Vichochoro vitawapoteza, na baada ya muda vitawatoa baharini au Darajani, hakuna njia ya tatu. Salimieni kila baraza mnayopita. Salamu ndiyo inayowafungulia watu. Papasi, wale vijana wanaoganda wageni kuwauzia huduma, wakiwafuata, jibu la upole, "Ahsante, sisi wenyeji," linatosha.

Vya kuona: Ngome Kongwe, soko la Darajani lililofunguliwa 1904, na kanisa la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Pale ingieni na mtembeza watu wa palepale, msikilize hadi mwisho. Beit al Ajaib, aliyoijenga Sultani Sayyid Barghash 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020.

Chakula cha kwanza kiwe urojo. Tafuta banda lenye watoto wa shule wengi, kisha simama utazame mkono wa mwenye kuuza: kiazi kimekatwakatwa, bajia mbili, kachori moja imebonyezwa kwa kidole ifunguke, mshikaki umevuliwa kijiti, halafu uji wa manjano wenye ukali wa embe bichi unamiminwa juu mpaka vyote vielee, kijiko cha chatne ya nazi, pilipili kwa kuuliza. Kula hapohapo, umesimama, kabla bajia hazijalowa. Jioni nendeni mkanywe kahawa Jaws Corner, kikombe kidogo na kashata, mkisikiliza watu wanavyobishana siasa na mpira. Msirekodi, sikilizeni tu.

Asubuhi ya tarehe 15 kodini boti kwenda fungu la Nakupenda. Mnaona kwa nini nilisema mwezi? Fungu lile hutokeza maji yakipwa na humezwa yakijaa. Ukienda asubuhi ya bamvua, unalipata lote. Pataneni bei ya boti nzima, kwenda na kurudi, na mhesabu jaketi okozi kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Daladala za shamba

Gari 309 inakwenda Jambiani, 324 Bwejuu kupitia Paje, 326 Kizimkazi, 116 Nungwi. Vituo vya mjini vimekuwa vikihamishwa miaka ya karibuni, muulizeni muuza duka siku hiyohiyo. Pandeni mapema, saa mbili asubuhi. Za mwisho za kurudi mjini huondoka mapema pia, jioni msizitegemee. Ulizeni nauli kwa abiria aliyekaa karibu, si kwa utingo, na mkae mkiwa mmetawanyika. Watano mkikaa pamoja mtazungumza wenyewe kwa wenyewe. Mkitawanyika kila mmoja atashuka na rafiki mpya. Mwaka juzi tulialikwa harusi Paje kwa njia hiyo.

Hatua ya 7: Mashariki kisha kaskazini

Jambiani na Paje, asubuhi ya bamvua, teremkeni na kina mama wanaokwenda kwenye mwani. Kilimo hiki kilianza kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kimewapa wanawake wengi fedha ya mkononi mwao. Ombeni kwanza, na mkiombwa kusaidia, saidieni: unafunga kipande cha mwani kwenye kamba iliyotandwa baina ya vijiti viwili, maji ya vuguvugu yakiwa vifundoni, mgongo umeinama, jua linachoma kisogo. Baada ya nusu saa mtaacha kuuliza kwa nini wanafika mapema. Picha ni kwa ruhusa. Maji yakirudi saa tisa, ogeleeni hadi magharibi.

Nungwi na Kendwa maji hayakimbii mbali, mnaogelea wakati wowote. Ni ghali na kuna kelele za muziki, siku mbili zinatosha. Nendeni mkaone mafundi wanavyochonga majahazi ufukweni.

Hatua ya 8: Pemba

Wengi wanaiacha, na hapa ninasema kama mtu wa kwao: msiiache. Meli za Unguja hadi Mkoani hazisafiri kila siku, hivyo ratiba ya meli ndiyo inayopanga siku ya kuondoka Unguja. Mkishuka Mkoani, gari 603 huenda Chake Chake, na kutoka Chake 606 huenda Wete. Nyumba za wageni ni chache, pigeni simu mapema. Mkilala kwa mwenyeji kijijini, yeye atatoa taarifa kwa sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini. Ni utaratibu wa kawaida, msishangae mkiulizwa majina.

Siku moja iwe ya Misali, kwa boti kutoka Wesha. Wazee wanasimulia kuwa Nabii Hidhri alitaka msala akaukosa, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake, ndipo jina likazaliwa. Ni eneo la hifadhi, mnalipa kiingilio, hamuokoti hata kombe. Maji yakiwa yanaelekea mafu, mkondo ni dhaifu na matumbawe yanaonekana kama yapo nyuma ya kioo.

Siku nyingine mpite Kidike kuwaona popo wa Pemba, wakubwa wenye manyoya mekundu ambao hawapatikani kwingine duniani, kisha Konde na msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi. Mwenye nguvu aendelee hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha, uliosimama tangu 1900.

Mkikuta msimu wa karafuu, ombeni kukaa barazani jioni moja mkichambua. Unashika kichala, unakizungusha kwenye kiganja, karafuu zinaangukia upande huu na makonyo upande ule. Watoto wa nyumba watawaacha mbali kwa kasi. Vidole vitanukia siku mbili, hata sabuni haiondoi. Ila msibebe karafuu za kutoka shamba kwenye mabegi. Kuzisafirisha kimagendo ni kosa, na mizigo hukaguliwa. Nunueni paketi ya dukani yenye risiti. Cha kubeba ni halua ya Wete, imefungwa vizuri, inadumu wiki kadhaa.

Hatua ya 9: Kurudi

Acheni siku moja tupu kati ya meli ya Pemba na siku ya kazi. Upepo ukikaza, safari huahirishwa, na hakuna nahodha wa kulaumiwa kwa hilo. Ikiahirishwa, sisi siku hiyo ya ziada huitumia Mkoani, gatini, tunakula pweza na muhogo na mshika fedha anasoma daftari kwa mara ya mwisho, kilichobaki kinagawanywa sawasawa palepale.