Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuacha Buti Laini na Kuvaa Buti Ngumu kwa Ajili ya Kuchonga Theluji

Mtelezaji wa ubao wa theluji aliyezoea buti laini hufika mahali ambapo kona zake zinaanza kuacha mfuo mwembamba badala ya kuparaza theluji kwa upana wote wa ubao. Hapo ndipo jicho lake linapoanza kuwafuata wale wachache wanaopanda mlimani wakiwa na buti ngumu za plastiki na ubao mrefu mwembamba, ambao hujilaza ubavu mpaka nyonga inakaribia kugusa theluji, kisha wakainuka na kulalia upande wa pili bila kupoteza mwendo. Huko ndiko kuchonga: ubao unapita juu ya ukingo wake wa chuma peke yake, omo na tezi, yaani ncha yake ya mbele na ya nyuma, zikifuata mfuo uleule mmoja, bila kuserereka hata kidogo. Hamu ya kufika huko ni njema na inastahili kufuatwa, lakini anayedhani kwamba anabadilisha viatu tu atashangaa. Buti ngumu hudai vifungio vyake vya kuishika kwenye ubao, vifungio hivyo hudai pembe nyingine za kusimamia, pembe hizo hudai ubao mwingine, na ubao huo hudai mteremko wa namna yake. Mwenye kununua bila kuujua mnyororo huu hununua mara mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu buti bali mahali unapotelezea. Vifaa hivi vimekuzwa na mashindano ya kasi. Slalomu kubwa ya ubao, yaani mbio za kupindapinda kati ya milingoti, iliingia katika Olimpiki huko Nagano mwaka 1998, na tangu Salt Lake City mwaka 2002 washindani wawili huteremka sambamba, kila mmoja katika njia yake; wengi wao huvaa buti ngumu. Ester Ledecká wa Ucheki, aliyeshinda mbio hizo mwaka 2018 katika michezo ileile ambayo alishinda pia mbio za ski za super-G, ndiye mtu ambaye picha zake zinaonyesha vizuri kuliko maneno jinsi mwili unavyokaa juu ya ubao wa aina hii. Vifaa vilivyozaliwa katika mazingira hayo hupenda theluji iliyoshindiliwa na mashine usiku, ngumu kiasi na sawa juu kama meza, kwenye mteremko mpana. Ikiwa mlima ulio karibu nawe una njia nyembamba zenye msongamano, au unapendwa kwa theluji yake ya unga inayofika magotini, buti ngumu zitakaa stoo siku nyingi kuliko zitakavyovaliwa, na ni afadhali kuujua ukweli huo kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ukiridhika kwamba mahali panafaa, anza na miguu yako, na hapa ndipo ninaposhauri fedha nyingi iende. Ubao na vifungio vinaweza kununuliwa vikiwa vimetumika, lakini buti isiyokukaa haina dawa. Buti laini husamehe nafasi ya ziada ndani yake kwa sababu ngozi na povu hujikunja kufuata mguu. Ganda la plastiki halijikunji, na mguu unaotembea ndani yake hata kwa milimita chache hauwezi kuuamrisha ukingo. Saizi hutolewa kwa sentimita za urefu wa mguu, na kipimo hicho ndicho cha kufuata, wala si namba ya viatu vya mtaani. Toa kiatu cha ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole mpaka viguse mbele, kisha pima nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino: upana wa kidole kimoja au kimoja na nusu unatosha. Mimi nilinunua jozi yangu ya kwanza ikiwa na nafasi ya vidole vitatu, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia kwamba soksi nene zingeijaza, na msimu mzima nilikaza bizimu mpaka damu ikawa haifiki vidoleni, huku kisigino kikiendelea kuinuka kila nilipojilaza upande wa vidole. Soksi ni moja tu, nyembamba na ndefu. Kinachotakiwa kushika mguu ni umbo la ganda na kiatu cha ndani, ambacho katika buti nyingi hupashwa moto na kufinyangwa kwa mguu wa mwenyewe. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye uzoefu, kisha buti zivaliwe nyumbani saa moja au mbili kwa jioni kadhaa kabla ya kwenda mlimani, ili pale zinapobana pajulikane mapema na ganda lipanuliwe sehemu hiyo tu. Anayeanza achague buti yenye ugumu wa kati. Zile ngumu kabisa zimetengenezwa kwa ajili ya uzito na kasi ya washindani, na mtu ambaye kifundo chake hakiwezi kuzipinda hubaki amesimama kama mlingoti.

Wengi huuliza kama buti za ski walizonazo tayari haziwezi kufanya kazi hiyo. Zinaweza kuingia katika baadhi ya vifungio, na kwa jaribio la siku moja si kosa kubwa. Hata hivyo soli yake hutokeza mbele ya vidole na nyuma ya kisigino, kwa hiyo hugusa theluji mapema ubao unapolazwa, na ganda lake hukubali kupinda kwenda mbele tu ilhali mtu wa ubao huhitaji kupinda kidogo kwa upande pia. Buti za ubao zilizotengenezwa na kampuni kama UPZ, Deeluxe na Mountain Slope zina soli iliyokatwa fupi, na nyuma yake kuna wenzo wa kuchagua ni kiasi gani muundi uinamie mbele, pamoja na nafasi ya kuulegeza kabisa kwa ajili ya kutembea. Mpangilio wa kuanzia unaofaa wengi ni mguu wa nyuma uiname zaidi kuliko wa mbele.

Vifungio vya buti ngumu ni bamba lenye vitanzi vya chuma kinene mbele na nyuma. Kuna vile ambavyo wenzo wa mbele hukazwa kwa mkono, na kuna vya kukanyaga, kama mfumo wa Intec, ambamo pini mbili zilizo ndani ya kisigino cha buti hujifunga zenyewe na kufunguliwa kwa kuvuta kamba inayopanda ndani ya suruali. Vya kukanyaga ni raha kwa anayechoka kuinama, lakini kabla ya kuvinunua hakikisha buti yako inakubali kisigino cha mfumo huo, kwa sababu si zote zinazokubali. Kila asubuhi kagua kama kamba imeanza kusagika, ondoa barafu chini ya kisigino kabla ya kukanyaga, na usiondoke mpaka uhakikishe kwamba pini zote mbili zimeingia. Vya wenzo navyo vipimwe kwa buti yako hasa: kitanzi kilicholegea hufunguka katikati ya kona, na kilichokazwa kupita kiasi hupinda soli. Kumbuka kwamba, tofauti na ski, vifungio hivi havijiachii mtu anapoanguka. Buti laini humruhusu mtelezaji kukunja kifundo na pengine kukiumiza. Buti ngumu hukilinda kifundo, na nguvu ya anguko hupanda juu kuelekea muundi na goti. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu alifikirie kwa utulivu akiwa bado dukani.

Suala la pembe, yaani kiasi ambacho mguu umegeuzwa kutoka kukingama ubao kuelekea omo, ndilo linalowachanganya wengi, kwa kuwa watu hulichukulia kama mambo ya ladha. Katika buti laini unaweza kusimama na mguu wa mbele kwenye nyuzi 15 au 21 na wa nyuma kwenye sifuri, au hata kuuelekeza kinyume. Katika buti ngumu pembe huamuliwa na upana wa kiuno cha ubao, yaani sehemu yake nyembamba ya katikati, na urefu wa buti. Weka buti kwenye vifungio, igeuze mpaka ncha ya vidole na ncha ya kisigino ziishie ndani ya kingo mbili za ubao au zilingane nazo, kisha soma namba: hiyo ndiyo pembe yako ya chini kabisa. Buti ikitokeza nje, wakati wa kujilaza itagusa theluji kabla ya ukingo kumaliza kazi, itaunyanyua ukingo, nawe utaanguka ghafla bila hata kuona sababu. Ubao wenye kiuno cha sentimita 20 kwa kawaida humfikisha mtu kwenye nyuzi 55 hadi 65. Ule wa sentimita 23 au 24 humruhusu kukaa karibu na 45 au 50, na ndiyo maana ninaupendekeza kwa anayetoka kwenye buti laini, kwa sababu mabadiliko ya mwili hayawi makubwa mno kwa siku moja. Mguu wa nyuma uwe sawa na wa mbele au pungufu kwa nyuzi chache. Nafasi kati ya miguu nayo hupungua kuliko ulivyozoea. Baadaye utasikia habari za kabari, yaani vipande vinavyoinua vidole vya mguu wa mbele na kisigino cha mguu wa nyuma, na vingine vinavyoegemeza magoti kuelekeana. Vina manufaa makubwa, ila usibadilishe zaidi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika kila mpangilio kwenye daftari.

Ubao wenyewe usiwe ule wa kurukia ulio nao. Bamba gumu hukusanya nguvu zote kwenye matundu machache ya skrubu, na ubao mlaini uliotengenezwa kwa ajili ya kanda na buti laini hujipinda vibaya chini yake. Matundu yanaweza hata kung'oka. Kagua pia kama mpangilio wa matundu yake unalingana na visahani vya vifungio vyako. Katika soko la vitu vilivyotumika kuna mbao nyingi za miaka ya 1990, nyembamba na ngumu, za bei inayovutia, na bei hiyo ina sababu yake. Tafuta uliotengenezwa karibuni zaidi, unaolingana na uzito wako, wenye mkato wa pembeni, yaani nusu kipenyo cha tao la ubavu wake, wa mita 10 hadi 12 hivi. Mkato huo ndio unaoamua ukubwa wa duara litakalochorwa, na ubao wa mashindano wenye mita 18 au zaidi hudai kasi ambayo mgeni hana na njia ambayo milima mingi haina. Watengenezaji wadogo kama Donek wa Colorado, Coiler wa Kanada, Kessler wa Uswisi na SG wa Austria wamebeba kazi hii kwa miaka mingi, na wengine hutengeneza ubao kwa kipimo cha mtu. Ukingo unolewe kwa tupa na kudumishiwa makali yake, kwani ukingo butu kwenye theluji ngumu hautaki kuchonga hata ukiwa na buti za bei gani.

Mapaja yatadai haki yake, kwa hiyo majuma kadhaa kabla ya msimu fanya mazoezi ya kuchuchumaa na kukaa ukiegemea ukuta. Kofia ngumu na vilinda viganja si vya kujadiliwa, na suruali iwe imeimarishwa pale bizimu zinaposugua. Zaidi ya vazi, kuna adabu ya njia. Kanuni 10 za mwenendo za FIS, shirikisho la kimataifa la ski na ubao wa theluji, zinamtaka aliye juu amwachie nafasi aliye chini yake, na watelezaji wengi huishia hapo. Kanuni ya tano inasema zaidi: anayeingia kwenye njia, anayeanza tena baada ya kusimama, au anayeelekea upande wa juu, atazame juu na chini kwanza. Kona iliyochongwa sawasawa hukupeleka kutoka ukingo mmoja wa njia hadi mwingine na mwishoni hupanda mlima, na anayekuja nyuma yako kwa ski hatarajii hilo hata kidogo. Kabla ya kila kona, hasa ya visigino ambayo mgongo wako unaikabili njia, geuza kichwa utazame juu. Kama njia imejaa, simama pembeni usubiri.

Siku ya kwanza ichaguliwe: asubuhi na mapema, mteremko wa mwinuko mdogo, watu wachache. Sisi tuliojifunza theluji ukubwani, wengine baada ya kukulia mahali ambapo barafu ilikuwa ya kwenye friji, tuna haraka ya kufidia miaka, nami nakuomba haraka hiyo uiweke kando siku hii. Tembea kwanza, maana plastiki huteleza sana kwenye lami yenye barafu. Teleza kwa kuserereka kona kadhaa ili magoti yazoee. Kisha elekeza omo chini ya mteremko, ulaze ubao kidogo upande mmoja, usubiri bila kusukuma chochote mpaka ukupeleke pembeni na kusimama wenyewe. Geuka uangalie mfuo uliouacha. Ukiwa mwembamba kama uzi tangu mwanzo hadi mwisho, ongeza kasi kidogo. Ukiwa mpana, kosa mara nyingi ni mikono kuitafuta theluji huku mwili ukivunjika kiunoni. Kifua kielekee pale vifungio vinapoelekea, na kujilaza kuanzie kwenye vifundo na magoti.

Beba bisibisi mfukoni, na baada ya mteremko wa pili kaza tena skrubu zote, kwa kuwa vifungio vilivyofungwa upya hulegea siku ya kwanza. Buti zako laini pamoja na ubao wake vibaki ndani ya gari: jua likipanda na theluji ikaanza kuwa uji, badilisha ukaendelee navyo.