Picha dhahania kwa udongo wa Kano na Maseno

Kwa picha hii rangi za dukani hazihitajiki. Tafuta plaiwudi ya futi 2 kwa 2, gunia kuukuu (kwa wauza nafaka wa soko la Kibuye, Kisumu, hukosi), gundi nyeupe ya maseremala, makaa, na udongo wa aina mbili: mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, na mwekundu unaouona ukipanda kutoka Kisumu kuelekea Maseno.

1. Anika udongo, utwange, uuchekeche kwa chujio la chai, kila aina kando. Wekundu ule ni wa oksidi ya chuma, kwa hiyo haupauki kwa jua.

2. Paka gundi ubao mzima, tandaza gunia, kisha lisukume kwa vidole lipate mikunjo. Liache likauke usiku kucha.

3. Changanya udongo mwekundu vipimo 2 na gundi kipimo 1, na maji mpaka uwe mzito kama uji. Paka tabaka jembamba, likikauka ongeza la pili. Mahali pengine liache gunia wazi, lipumue.

4. Sasa mweusi. Udongo huu ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka. Aliyepita Ahero, huko huko Kano, wakati wa kiangazi anajua. Wengi huukwepa kwa sababu hiyo. Mimi naufuata kwa sababu hiyo hiyo. Ukande kwa maji, gundi kijiko kimoja tu kwa kikombe, uupake kwa mwiko sehemu moja, pembeni kidogo ya katikati. Nyufa zitapita wapi, huamui wewe. Unachoamua ni unene. Tabaka nene hutoa nyufa pana zilizoachana, jembamba hutoa vijiufa vingi vya karibu karibu. Kausha kivulini, maana jua kali hukunja kingo na vipande vikabanduka. Ukishakauka, chovya brashi ndogo kwenye gundi iliyozimuliwa kwa maji, uipitishe ndani ya kila ufa. Wekundu wa chini utachungulia humo, usiufunike.

5. Saga makaa, uyasugue kwa kidole kwenye mikunjo. Ukipenda, pasua mabua ya gugumaji uyabandike, upande wa ndani ulio kama sponji ukitazama nje. Yawe makavu kabisa, la sivyo yataota ukungu.

6. Kung'uta vumbi, kisha paka vanishi isiyong'aa. Ijaribu kwanza pembeni, kwani vanishi huutia udongo giza.