Unataka Vizsla? Soma kwanza

Watu wanamwona Vizsla kwenye picha, ile rangi ya dhahabu yenye wekundu, manyoya mafupi yanang'aa, wanasema huyu ndo wangu. Mzuri kweli, ila huyu ni mbwa wa kuwinda toka Hungaria, kazi yake kunusa ndege porini, kusimama kukuonyesha alipo, halafu kumleta akishapigwa, sasa mbwa wa hivyo ukimfungia uani siku nzima atatafuna viatu, kochi mpaka mlango, na wala sio ukorofi, ni nguvu hazina pa kwenda.

Akishakua anataka kama masaa 2 ya mazoezi kila siku, na sisemei kutembea taratibu na kamba, akimbie. Halafu mwache atumie pua! Mfichie vipande vya chakula kwenye majani avitafute, kunusa kunamchosha kuliko unavyodhani. Ila akiwa mdogo usimkimbize na baiskeli, mifupa bado inakua, subiri afike mwaka na nusu hivi.

Akishakula apumzike kwanza, mbwa wenye kifua kirefu tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, ikitokea ni kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Manyoya brashi mara moja kwa wiki inatosha, ila hana yale mazito ya chini so baridi inampata, alale ndani. Masikio akitoka kuogelea yakaushe.

Na kama we ni wa kushinda kazini mpaka usiku chukua mbwa mwingine tu, huyu anaganda kama kupe, mpaka chooni anakufuata.