Bustani ya Kivulini Mvua Zinapoanza

Mkoani Lindi, ambako mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, bustani iliyo chini ya mwembe haihitaji kupaliliwa kila wiki, ilimradi majani makavu yaachwe pale yanapoanguka. Yatandaze yafikie unene wa sentimita 10 hivi, lakini yaache mbali kidogo na shina, kwani unyevunyevu ukikaa hapo gome huoza na mchwa hukaribia.

Mvua za kwanza zikishalainisha udongo, panda vipande vya manjano na tangawizi vyenye vichipukizi, kwenye kina cha sentimita 5, huku ukikwepa mizizi mikubwa ya mti. Mimi hupendelea manjano: majani yake mapana hufunika ardhi na kuyanyima magugu mwanga, na kiangazi kinapofika hukauka yenyewe yakawa matandazo. Kingo zipange kwa makumbi ya nazi.

Kisha weka mkeka au kigoda, uketi asubuhi baada ya mvua, wakati vichipukizi vyenye ncha kali, vikiwa bado vimejikunja, vinapoyatoboa majani makavu.