Kuchapa postikadi ya jua la Monet bila kulizima

Fungua kwenye simu picha ya Impression, soleil levant, mchoro wa jua linalochomoza wa Mfaransa Claude Monet, halafu iondolee rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Lile jua jekundu-chungwa linalochomoza juu ya bandari ya Le Havre, Ufaransa, karibu litapotea lote. Monet alilichora jua likiwa na mwanga unaokaribia kulingana na wa anga iliyolizunguka. Tunaliona kwa sababu ni la chungwa katikati ya kijivu na buluu, basi. Ukiuelewa mchezo huo umeshaelewa nusu ya kazi ya kuchapa kadi hii.

Mimi niliuelewa kwa hasara. Kadi zangu 200 za kwanza zilirudi kutoka kwa mchapaji zikiwa na bahari ya buluu kama bwawa la hotelini na jua kama nyanya iliyoiva. Fundi alikuwa anatabasamu: "Bosi, picha yako ilikuwa imefifia, nimekuboreshea." Ukungu wote wa Le Havre alikuwa ameufuta kwa kitufe kimoja. Zile kadi bado ninazo, ninaalamishia kurasa za vitabu.

Hatua ya 1: Tafuta faili

Monet alifariki Desemba 1926, kwa hiyo hata nchi zinazolinda kazi ya msanii kwa miaka 70 baada ya kifo chake, ulinzi huo ulishapita. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake la 2019, ulisema picha inayonakili tu mchoro wa aina hiyo haizai hakimiliki mpya. Hata hivyo, soma masharti ya tovuti unakopakua.

Pakua matoleo matatu manne, uyaweke pamoja kwenye skrini. Utashangaa: moja la njano kama limepikwa kwa manjano, jingine buluu tupu. Mchoro wenyewe uko Musée Marmottan Monet, Paris. Ukiwa na ndugu au rafiki anayepita huko, mwombe akuletee kadi ya dukani kwao, ikae mezani iwe kipimo chako. Bila hiyo, chagua faili ambayo anga yake ina kijivu cha kweli na mashua ya mbele ni nyeusi-kijani, si nyeusi tii.

Hatua ya 2: Vipimo

Turubai ni sentimita 48 kwa 63. Postikadi ya A6 ni milimita 105 kwa 148, yaani ni ndefu zaidi kwa uwiano. Ukitaka picha ijaze kadi yote utalazimika kukata karibu asilimia 7 ya kimo, na kona ya chini kushoto ndiko kuliko sahihi na mwaka, "Claude Monet. 72". Mimi sikati. Ninaweka picha ya milimita 95 kwa 125 katikati, inabaki pambizo nyeupe ya milimita 5 juu na chini, na kama 11 na nusu kila upande. Kwa ubora wa dipiai 300 (nukta 300 kwa inchi), hiyo ni pikseli kama 1,475 kwa 1,122 tu, hivyo huhitaji faili kubwa la kutisha.

Pambizo hiyo ina faida nyingine ya mfukoni. Kwa kuwa rangi haifiki ukingoni, kadi zinapangwa bila nafasi kati yake, na 8 zinaenea kwenye karatasi moja ya SRA3, ile ya wachapaji inayozidi A3 kidogo. Ila usiipunguze chini ya milimita 5: kisu kikiyumba milimita moja, kila mtu ataona.

Hatua ya 3: Rangi (hapa usiharakishe)

Badilisha faili kutoka RGB (rangi za skrini) kwenda CMYK (wino nne za mchapaji: sayani, yaani buluu-kijani, magenta, yaani waridi iliyokolea, njano na nyeusi) mwenyewe, usimwachie fundi. Kisha gusa katikati ya jua kwa kile kifaa cha kupimia rangi kwenye programu yako na usome namba. Sayani na nyeusi ziwe sifuri au karibu na sifuri. Sayani ikifika asilimia 15 chungwa linaanza kugeuka kahawia, na jua linakuwa sarafu kuukuu. Fanya hivyohivyo kwenye zile alama nene za brashi zinazoshuka majini chini ya jua.

Sasa pima ukungu. Kijivu kinachotokana na wino tatu ni kigeugeu, magenta kidogo ya ziada inakipa uwaridi, sayani ya ziada inakifanya kibichi. Ukilazimika kurekebisha, gusa ukungu, jua liache lilivyo.

Usiongeze ukali wa picha, kwa sababu utakachonoa ni nyuzi za turubai. Usiongeze tofauti ya giza na mwanga. Milingoti, kreni na mabomba ya moshi kule nyuma yanatakiwa yaonekane nusunusu. Monet mwenyewe alieleza baadaye kwamba alichagua neno "Impression" (taswira ya kitambo tu) kwa sababu isingewezekana kuiita picha hiyo mandhari ya Le Havre. Wewe usimsaidie.

Hifadhi PDF, na kwenye ujumbe wa kumtumia fundi andika: "Usirekebishe rangi. Chapa kama ilivyo."

Hatua ya 4: Karatasi

Omba kadi ya gramu 300 hadi 350, upande mmoja laini wa kuchapia picha, wa pili mkavu. Andika kwenye upande mkavu kwa kalamu ya wino, hesabu hadi kumi, pitisha kidole. Ikichafuka, tafuta nyingine. Laminesheni (utando wa plastiki juu ya kadi) ya kung'aa inaakisi taa na kuua ukungu. Ya mati, isiyong'aa, ni nzuri lakini inapooza rangi kidogo, basi ukiitaka, nakala ya majaribio nayo iwe imelaminetiwa.

Hatua ya 5: Mgongo

Mstari mwembamba katikati, ujumbe kushoto, anwani na stempu kulia. Chini kushoto, kwa herufi ndogo: Claude Monet (1840–1926), Impression, soleil levant, 1872, mafuta kwenye turubai, Musée Marmottan Monet, Paris. Usiandike "machweo". Kosa hilo limewahi kuifuata picha hii hata huko Ufaransa.

Hatua ya 6: Majaribio na kukata

Lipia karatasi moja kwanza. Itoe nje ya duka, uitazame kivulini mchana, maana taa za dukani zinadanganya. Ipige picha kwa simu na uirudishe nyeusi na nyeupe: jua likizama kwenye anga, ruhusu kazi iendelee. Likibaki linang'aa, kuna mtu amekuboreshea tena.

Baada ya kukata, kadi ya juu na ya chini ya kila bunda huwa zimekwaruzika. Zitenge ziwe sampuli.